Kushoto kwa Nani?

Kwenye kliniki ya meno ninayofanya kazi hapa Meru kuna faili ya bluu. Iko karibu na sinki, na kurasa zake zimejikunja kwa maji. Ndani mna utaratibu wa kila kitu: kumpokea mgonjwa, kuosha vyombo, nini kifanyike stima ikipotea. Wiki ya kwanza niliicheka. Nilimwuliza mwenzangu, "Kwani hii ni kliniki ama ni benki?" Hakucheka. Alinipa kalamu, akaniambia nisome, halafu nitie sahihi.

Sikumwambia kwa nini nilitoka Embu.

Embu nilikuwa msaidizi kwenye kliniki ya daktari mmoja. Hakukuwa na faili. Utaratibu wote ulikaa kichwani mwa sista aliyekuwa amefanya kazi pale miaka mingi, na hakuna aliyeona shida, kwa sababu sista hakuwahi kusahau. Kisha akaenda likizo, na kichwa chake akaenda nacho.

Siku hiyo alikuja mama mmoja muuza muguka, kutoka upande wa Mbeere. Alikuwa hajalala siku tatu. Nilimwambia afungue mdomo, nikaona gego la chini limeoza, nikaandika kwenye kadi: "gego la chini, kushoto." Sasa, mimi nilikuwa nimesimama mbele yake. Kushoto kulikuwa kwangu. Kwake yeye ni kulia.

Foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Daktari alisoma kadi, akadunga ganzi. Gego la kushoto nalo lilikuwa na doa jeusi, kwa hivyo hakuna aliyeshtuka. Mama alijaribu kusema kitu, lakini mdomo ulikuwa umeshakufa ganzi na maneno hayakutoka vizuri. Tulidhani anaogopa. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Pole mama, tunamaliza sasa hivi."

Tulipomaliza, alitoa pamba mdomoni, akagusa shavu la upande ule mwingine. "Mwanangu, na hili lenye linaniuma, mtaling'oa saa ngapi?"

Doh.

Daktari alimrudishia pesa na kulishughulikia lile bovu bila malipo. Lakini jino la mtu mzima likishang'oka, halioti tena. Mama hakutupigia kelele. Angepiga kelele, labda ningelala usiku huo. Mwisho wa mwezi nilipanda matatu: Runyenjes, Chuka, Nkubu, mpaka Meru.

Kwa hivyo nilipofika kwenye ukurasa wa kung'oa meno katika ile faili, niliusoma mara mbili. Kadi zetu haziandikwi "kushoto." Meno yana namba. Mdomo umegawanywa sehemu nne, na kila mara kwa upande wa mgonjwa: juu kulia ni 1, juu kushoto ni 2, chini kushoto ni 3, chini kulia ni 4. Jino la yule mama lilikuwa 46. Tuling'oa 36. Hapa mimi naandika namba, daktari anaisoma kwa sauti, halafu mgonjwa anagusa jino lenyewe kwa kidole chake. Yote hayo kabla ya sindano, akiwa bado na mdomo wa kutukataza. Haichukui hata dakika moja.

Si sisi tu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, na mojawapo ya mambo yaliyomo ni kuhakikisha mnapasua mahali penyewe. Ukiona kitu kama hicho kimeandikwa, jua kuna mtu alipasuliwa pasipo pake.

Faili yetu pia inaongezwa. Siku moja alikuja mzee kutoka Igembe, presha iko juu vibaya. Tulimwuliza kama kuna dawa anatumia. "Hakuna." Na alikuwa anasema ukweli, kwa sababu miraa si dawa. Miraa hupandisha presha na kufanya moyo uende mbio, na sindano nyingi za ganzi ya meno zina adrenalini ndani. Daktari alimwambia apumzike, arudi siku nyingine kabla hajatafuna. Nikapendekeza tuwe tunauliza waziwazi. Daktari akasema, "Basi andika." Sasa kuna mstari kwa mwandiko wangu: "Leo umetafuna miraa au muguka? Saa ngapi?" Fomu iliyotolewa mtandaoni haingejua kuuliza hivyo.

Juzi kijana mmoja alikasirika nilipomwambia aguse jino lake. "Kwani hamjui ni gani? Si mmesomea hii kazi?"

"Tunajua," nikamwambia. "Wewe gusa tu."

Akagusa. Daktari akasoma namba. Ilikuwa 46.