Kompyuta za Shangazi

Mwanzoni mwa 2003, nikiwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne, nilipelekwa Morogoro kumsaidia shangazi yangu kwenye duka lake la steshenari nyuma ya soko kuu. Matokeo yalipotoka nilibaki palepale, kwanza kwa kukosa pa kwenda, baadaye kwa kuipenda kazi. Ukisimama barazani uliiona milima ya Uluguru juu ya mabati ya maduka, na mawingu yakianza kuteremka ulijua ni wakati wa kusevu kila kitu, kwa sababu umeme ungekatika kabla mvua haijafika mjini.

Ndani kulikuwa na mashine ya fotokopi, printa, na kompyuta tatu za chogo ambazo kila jioni zilivishwa mifuko iliyoshonwa kwa vipande vya khanga. Zilitumia Windows 98. Shangazi alisomea uhazili Tabora, akapiga chapa kwenye ofisi za serikali miaka mingi, na alipopunguzwa kazini katika miaka ya 1990 kiinua mgongo chake ndicho kilichofungua duka. Hakuwahi kusomea kompyuta. Alichokuja nacho kutoka kwenye taipureta kilikuwa vidole kumi, masikio makali, na kutopenda kabisa mtu anayegusagusa mashine bila sababu.

Wateja wetu wakubwa walikuwa wanachuo wa Sokoine na Mzumbe. Walikuja na ripoti za fildi na tasnifu, nyingine zimeandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku, nyingine zimo kwenye disketi zilizozunguka mifukoni pamoja na funguo na vumbi. Disketi moja ilibeba megabaiti 1.44 tu, basi mwenye picha za shamba lake la majaribio alikuja na disketi tano, na mara nyingi ya nne ndiyo iliyokuwa mbovu.

Hapo ndipo kompyuta ilipostaki. Ukurasa ulibaki kama ulivyo, kishale kikageuka saa ya mchanga, na herufi ulizopiga hazikutokea. Mwanachuo aliyekaa pembeni, ambaye kesho yake ndiyo siku ya kukabidhi kazi, alianza kuhangaika kwenye kiti. Wengine walinyoosha mkono kuelekea mausi.

"Mwanangu, toa mkono," Shangazi alisema bila kugeuka. "Kwanza tuitazame."

Kilichotazamwa kilikuwa taa ndogo kwenye sanduku la kompyuta, ile inayowaka diski inapofanya kazi. Ikiwa inapepesa na diski inasikika ikikwaruza, mashine ilikuwa kazini na haikutakiwa kuguswa. Kompyuta zetu zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na tasnifu yenye picha ilipozidi nafasi, mfumo ulilazimika kuhamishia sehemu ya mzigo kwenye diski na kuurudisha, kazi ya polepole sana. Ikiwa taa imezima kabisa, Shangazi alibonyeza kitufe cha Num Lock. Taa yake kwenye kibodi ikiwaka na kuzima, basi mfumo ulikuwa hai, na kilichoganda ni programu moja tu. Isipojibu, alivuta pumzi, maana hapo dawa ilikuwa kuzima mashine nzima.

Kulikuwa na swali la tatu, na ndilo lililookoa kazi nyingi kuliko yote: inamngoja nani? Programu iliyoganda mara nyingi ilikuwa imeomba kitu mahali na haijajibiwa. Kama ni disketi mbovu, ilisikika ikisaga mlangoni mwake. Ukiitoa, baada ya muda programu ililalamika, kisha ikaendelea. Kama ni printa, tulikuta imezimwa au waya umelegea. Nimeona tasnifu nzima ikifufuka kwa kuwasha printa tu.

Baadaye, nilipoanza kusoma vitabu vya kompyuta, nilielewa kwa nini alikataza kubofyabofya. Kila kitufe unachobonyeza kinakuwa ujumbe, na ujumbe unapangwa kwenye foleni ya programu. Programu iliyoshughulika na jambo jingine haichukui chochote kwenye foleni hiyo, lakini foleni inazidi kurefuka. Ni kama karani wa dirishani aliyeingia stoo kutafuta faili: wanaopiga kelele nje hawasikiki, na akirudi itabidi awahudumie wote.

Tulilishuhudia hilo jioni moja ya mwezi Juni. Mwanachuo mmoja, Shangazi akiwa ameenda kuswali na mimi nikiwa kwenye fotokopi, aliona amri yake ya kuprinti haijibiwi, akairudia, na kuirudia tena. Kompyuta ilipozinduka ilimtii kwa kila mara aliyoagiza. Sura ya pili ikatoka, ikatoka, ikatoka, mpaka rimu ikaisha. Shangazi aliporudi alitazama lundo lile, akamtazama kijana, akasema, "Pole, mwanangu. Leo utalipa nakala moja." Mwaka mzima uliofuata risiti zetu ziliandikwa nyuma ya sura ya pili, na wateja wengine walizisoma.

Iliposhindikana kabisa, tulifika kwenye vitufe vitatu: Ctrl, Alt na Delete. Kwenye Windows 98 vilileta orodha ya programu zilizo wazi, na ile iliyokufa iliandikwa kando yake kwamba haijibu. Uliichagua, ukaifunga peke yake, nyingine zikabaki. Lakini ukivibonyeza mara ya pili kwa papara, kompyuta nzima ilijiwasha upya, na kila ambacho hukukisevu kikapotea. Mpangilio huo ulibuniwa na mhandisi wa IBM, David Bradley, wakati wa kutengeneza kompyuta yao iliyotangazwa Agosti 1981. Mwanzoni alitumia Esc badala ya Delete, kisha akaona mtu anaweza kuvigusa kwa bahati mbaya kwa mkono mmoja, akaviweka mbalimbali ili mikono miwili ihitajike. Shangazi hakujua habari za Bradley, lakini alisisitiza mikono miwili kwa sababu ndivyo alivyofundishwa Tabora kufanya kila kitu.

Tulifanya hivyo mpaka mgao wa umeme wa 2006 ulipotufunga mchana kutwa. Shangazi aliuza kompyuta mbili, akabaki na fotokopi na jenereta, nami nikaenda chuo.

Sasa nafanya kazi katika ofisi yenye kompyuta za kisasa. Diski zake hazitoi sauti, na mpakato nyingi hazina tena taa ile. Programu ikikaa sekunde 5 bila kuchukua ujumbe wake, Windows inaifunika kwa weupe na kutangaza kuwa haijibu. Simu za Android nazo zina kikomo hichohicho cha sekunde 5, kisha zinakuuliza usubiri au ufunge. Swali ni zuri, ila linaulizwa bila ushahidi wowote. Vijana ninaokaa nao hufunga papo hapo. Siwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha kwamba kuna kitu cha kutazama.

Kipo, kimehama tu. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, unapata orodha yenye safu za diski na prosesa. Namba za programu yako zikipanda na kushuka, inafanya kazi. Iache ukanywe chai. Zikiwa sifuri kwa dakika kadhaa, angalia kwanza kama mtandao umekatika au faili liko kwenye flashi iliyochomolewa, kwa sababu huenda ndiko inakongoja jibu. Kama hakuna inachongoja, ifunge bila huruma. Wiki iliyopita mwenzangu aliye meza ya pili alinyoosha mkono kwenye mausi mara jedwali lake la bajeti lilipoganda, nikajikuta namwambia autoe. Aliniuliza tunangoja nini. Nikamwambia hatungoji, tunatazama, nikamfungulia orodha.