Sasa, Zamani na Hadithi: Fikra za John Mbiti Zinapotazamwa kutoka Kiambere

Aghalabu mwanafalsafa husomwa kwa yale aliyoyaita falsafa, na kazi zake nyingine zikahesabiwa kuwa ni mambo ya kando. Hivyo ndivyo alivyosomwa John Samuel Mbiti. Wanafunzi wa falsafa humfahamu kwa dhana yake ya wakati; wanafunzi wa dini humfahamu kwa maelezo yake juu ya Mungu na mizimu; nao wanafunzi wa fasihi simulizi, wakimfahamu hata kidogo, humtaja kuwa mkusanyaji wa hadithi za Wakamba. Makala haya yanakusudia kuziweka kazi hizo pamoja, kwa kuwa Mbiti mkusanyaji wa hadithi ana jambo la kumwambia Mbiti mwanafalsafa, na jambo hilo halijapewa uzito unaostahili.

Mahali pa kulitazama suala hili panafaa kuwa Kiambere, katika Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu. Mto Tana umepita hapo ukiwatenga majirani wawili: Wambeere kaskazini na Wakamba wa Kitui kusini. Lugha zao ni za Kibantu zilizo karibu, na mazingira yao ni yale yale ya nchi kavu inayongojea mvua mara mbili kwa mwaka. Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, tarehe 30 Novemba 1931. Kwa hiyo anayesimama Kiambere humtazama Mbiti kutoka ng'ambo ya mto, akiwa karibu kiasi cha kuielewa dunia iliyomlea, na mbali kiasi cha kuweza kumhoji.

Maisha ya Mbiti ni maisha ya msomi wa kizazi cha kwanza. Alisoma Alliance, kisha Makerere alikohitimu mwaka 1953, halafu Marekani, na hatimaye Cambridge alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1963. Alifundisha Makerere tangu 1964 hadi 1974, ndipo akahamia Uswisi. Huko aliongoza taasisi ya kiekumeni ya Bossey hadi 1980, akawa mchungaji wa parokia mjini Burgdorf, na akafundisha katika Chuo Kikuu cha Bern. Alifariki Oktoba 2019. Lakini kabla ya digrii hizo za nchi za nje kulikuwa na hadithi. Mwaka 1954 alichapisha Mutunga na Ngewa Yake, kisa alichokiandika kwa Kikamba. Na mwaka 1966 kikatoka Akamba Stories, mkusanyiko wa ngano alizozitafsiri kwa Kiingereza. Kitabu kilichomletea sifa na lawama, African Religions and Philosophy, kilifuata mwaka 1969. Mpangilio huo wa miaka si jambo la kupuuzwa: mwandishi alikuwa msimulizi kwanza, akawa mwanafalsafa baadaye.

Hoja yake kuu yafahamika. Kwa mujibu wa Mbiti, wakati katika fikra za jadi za Mwafrika ni matukio. Yaliyotukia, yanayotukia na yaliyo karibu sana kutukia ndiyo yaliyo na wakati, yasiyotukia hayana. Kwa hiyo wakati una pande mbili, wakati uliopita ulio mrefu na wakati uliopo, huku wakati ujao ukiwa karibu haupo. Matukio yasiyotarajiwa kutokea katika kipindi cha miaka miwili hivi hayana mahali katika fikra. Mbiti aliupata uthibitisho wake katika nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Lakini alipotafuta istilahi za kuieleza nadharia yake aliziacha lugha hizo mbili na kuchukua maneno mawili ya Kiswahili. Sasa ni kipindi cha uhai wa mtu na kumbukumbu yake, pamoja na yale machache yanayokaribia. Zamani ni bahari isiyo na ukingo ambamo kila jambo hatimaye huzama.

Wahakiki hawakukawia. Okot p'Bitek, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1931 na aliyewahi pia kufundisha Makerere, alichapisha kitabu chake juu ya dini za Kiafrika katika usomi wa Kimagharibi mwaka 1970, akiwashutumu wasomi wa Kiafrika, Mbiti akiwamo, kwa kuivisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kiyunani. Henry Odera Oruka, alipoainisha mikondo ya falsafa ya Kiafrika, alimweka Mbiti katika ule unaochukua imani za jamii nzima na kuziita falsafa. Yeye akapendelea kuwaendea wazee wenye hekima na kumsikiliza kila mmoja kwa fikra zake binafsi. Kwame Gyekye wa Ghana naye alionyesha kwamba Waakan wana dhana kamili ya wakati ujao, kwa hiyo halifai kusemwa juu ya bara zima lililotolewa katika lugha mbili. Hoja hizi zina nguvu. Hata hivyo, nyingi zake zimemhukumu Mbiti kutoka nje ya maneno yake mwenyewe. Mhakiki wa Kiswahili ana wajibu wa kuanzia ndani ya maneno hayo, kwa sababu ni mali ya lugha anayoifundisha.

Na tuanze na zamani. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni wakati tu, bila kujali umepita au la. Kiswahili kimelielekeza zaidi upande wa yaliyopita, lakini hakikuifuta maana ya kwanza: bado husemwa zama hizi, na husemwa zama zijazo. Kwa hiyo neno lililoteuliwa kuwa chombo cha fikra isiyo na wakati ujao ni neno linalokubali kuambatana na wakati ujao bila kusitasita. Tena Kiswahili kinapohesabu siku za mbele kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Kinaporudi nyuma kina jana na juzi, kisha hesabu inaanza kulegea. Lau msamiati wa siku ungekuwa kipimo cha falsafa, ingebidi kusemwa kwamba Waswahili wanaijua kesho kuliko jana. Bila shaka hitimisho kama hilo ni la haraka. Na uharaka wake ndio unaotutahadharisha dhidi ya kuchota falsafa moja kwa moja kutoka katika sarufi. Alexis Kagame alikuwa amekwisha kuijaribu njia hiyo mwaka 1956 kwa ngeli za Kinyarwanda. Sarufi hutoa dokezo, haitoi hukumu.

Dokezo lenyewe, hata hivyo, ni la thamani. Kiambishi -ta- cha wakati ujao katika Kiswahili chahusishwa na kitenzi taka, na umbo la zamani limesalia katika virejeshi: atakayekuja, itakayonyesha. Atakayekuja, kwa asili ya umbo lake, ni yule anayetaka kuja. Wakati ujao basi hauelezwi kama nafasi tupu iliyo mbele. Unaelezwa kama nia. Hapo ndipo Mbiti alipokaribia jambo kubwa akalipita. Alikuwa sahihi kusema kwamba wakati katika lugha hizi haukutungwa kama mstari mtupu unaongojea kujazwa. Alikosea kuhitimisha kwamba kisicho mstari mtupu hakipo. Wakati ujao unaweza kuwepo kama nia, kama ahadi na kama deni.

Nao hadithi waujua. Msimulizi wa Kiswahili hufungua kwa kusema hapo zamani za kale, na kwa kauli hiyo humtia msikilizaji ndani ya ile Zamani ambayo Mbiti aliiona kuwa kaburi la matukio. Lakini mara tu baada ya ufunguzi huo, kiambishi -ka- hushika kazi: akaondoka, akafika, akamkuta. Kila -ka- huomba nyingine. Msikilizaji anayeuliza, ikawaje?, anaulizia yatakayokuja, ingawa yote yamekwisha kupita. Mashaka ya ngano, hofu ya mtoto aliyeonywa asifungue mlango, furaha ya kuona sungura atakavyoponyoka, yote yasingewezekana kwa akili isiyojua kutarajia. Kwa hakika hadithi ndiyo sanaa inayothibitisha kwamba ndani ya Zamani mna wakati ujao. Mtu aliyekusanya ngano za Wakamba kwa bidii ile alikuwa na ushahidi huu mikononi mwake. Lakini alipoandika falsafa alikwenda kuutafuta katika majedwali ya vitenzi.

Hoja hii si ya Afrika Mashariki peke yake. Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake, aliuweka wakati ndani ya nafsi: yaliyopita ni kumbukumbu, yaliyopo ni uangalifu, yajayo ni matarajio. Ili kuonyesha jinsi akili inavyotanuka pande zote mbili alichukua mfano wa mtu anayekariri wimbo anaoufahamu. Sanaa, kwake, ndipo mahali wakati unapoonekana ukifanya kazi. Mbiti alikuwa na mifano bora zaidi ya hiyo, tena iliyo hai, na ingaliwezekana nadharia yake ya wakati iwe pia nadharia ya sanaa.

Turudi Kiambere kwa ushahidi wa namna nyingine. Kwa Wambeere, kama ilivyo kwa Waembu na Wagikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, na wanaofuata huwa na majina yao kwa taratibu iliyokwisha kupangwa. Maana yake ni kwamba siku ya harusi, kabla ya mimba yoyote, jina la mtoto limekwisha kujulikana. Mbiti aliieleza kwa ufasaha hali ya wale aliowaita wafu walio hai: mtu aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu yuko amkumbukaye kwa jina, na akumbukaye wa mwisho akifa, huyo naye huzama katika Zamani. Fikra hii ni miongoni mwa fikra nzuri kabisa zilizoandikwa juu ya kumbukumbu katika eneo letu. Walakini utaratibu wa majina unaigeuza. Jina la babu halisubiri kusahauliwa. Limetangulia mbele na kumngoja mjukuu. Asiyezaliwa anadaiwa jina. Ikiwa huo si wakati ujao unaovuka ile miaka miwili, itakuwa vigumu kuupata mwingine.

Yawezekana msomaji akauliza kama mjadala huu una maana yoyote nje ya darasa. Kiambere yenyewe inajibu. Hapo pana bwawa la kuzalisha umeme, la mwisho kukamilika miongoni mwa matano ya mfululizo unaojulikana kama Seven Forks, baada ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978) na Masinga (1981). Kituo cha Kiambere kilianza kazi mwaka 1988 kikiwa na uwezo wa megawati 144. Maji yalipopanda yalifunika mashamba na njia za pande zote mbili za mto, na maelfu ya watu walihamishwa. Bwawa ni kitu cha wakati ujao kwa ukamilifu wake: hupigiwa hesabu za miongo ya mvua na miongo ya umeme. Basi ikiwa mwenye hesabu hizo ameamini kwamba mkulima wa hapo hana fikra ya wakati ujao, ni rahisi kwake kudhani kwamba mkulima anapoteza mazoea tu, na kwamba mazoea hufidiwa kwa haraka. Lakini aliyekuwa na shamba alikuwa nalo kwa ajili ya yule ambaye jina lake limekwisha kujulikana. Kilichofunikwa na maji kilikuwa pia kesho ya watu, si jana yao peke yake. Nadharia inayowanyima watu wakati ujao katika vitabu yaweza kurahisisha kunyimwa kwao nje ya vitabu, hata kama mwandishi wake hakukusudia hivyo. Na Mbiti, aliyeandika ili kuitetea heshima ya Mwafrika mbele ya waliomdharau, hakika hakukusudia.

Tena maisha yake mwenyewe yanamsahihisha. Mtu anayezinakili ngano za wazee ili zisipotee anamfikiria msomaji asiyezaliwa. Uzeeni, akiwa Uswisi, mbali na Kitui, alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, na likachapishwa katika muongo wa mwisho wa uhai wake. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu ambaye matarajio yake yanakomea mwaka wa pili. Ni kazi ya nia, ile nia iliyofichwa ndani ya -ta-.

Kwa kuhitimisha, hapana budi kusemwa kwamba Mbiti hapaswi kuachwa. Swali alilouliza, jinsi akili ya watu inavyoushika wakati kwa lugha yao, bado ni swali letu, na ni yeye aliyelifanya liulizike kwa maneno ambayo mwanafunzi wa Afrika Mashariki huyatamka nyumbani. Linalohitaji kubadilishwa ni mahali pa kutafutia jibu. Uchunguzi wa vitenzi vya Kikamba uambatane na uchunguzi wa ngano za Kikamba; tena ngano za ukingo mmoja wa Tana zilinganishwe na za ukingo wa pili, kwa Kimbeere chenyewe na kwa wasimulizi wanaotajwa mmoja mmoja, kama Oruka alivyowataja wazee wake. Wasimulizi waliohamishwa kutoka bonde la Kiambere wasikilizwe wangali hai, jinsi wanavyopataja mahali palipo chini ya maji: kama wanasimulia kwa -li- iliyokwisha, au kwa -ka- ambayo bado inangoja nyingine.