Muvi ya Saa Moja Iliyozua Ugomvi Siku Chache Kabla ya Safari ya Oman

Kuna washikaji watano wa Dar ambao urafiki wao umejengwa na muvi. Siyo zile zinazotrendi wiki hii. Wanapeana za zamani, na za nchi ambazo hata lugha yake hawaijui. Kundini kuna dereva bodaboda, mwalimu wa tuition, kijana wa stationery, mama mmoja muuza vitenge na dada wa saluni.

Sheria zao ni tatu. Kila Ijumaa mtu mmoja anapendekeza muvi moja tu. Hairuhusiwi kusimulia stori, unataja nchi, mwaka na kwa nini umeichagua. Halafu ukipewa, unaimaliza. Habari za "niliona nusu nikalala" hazitakiwi.

Mwanzoni ilikuwa tabu. Wengi wao wamekulia kwenye vibanda umiza, wakiangalia muvi zilizotafsiriwa, zile ambazo sauti ya msimuliaji inapita juu ya waigizaji na unacheka hata pale mtu anapozikwa. Kukaa kimya na kusoma maandishi ya chini ilikuwa adhabu. Bodaboda alipopewa Seven Samurai, ya Japani ya mwaka 1954, aligoma kwanza. Muvi haina rangi, halafu ina zaidi ya saa tatu! Akaikata vipande vitatu, usiku kwa usiku. Siku ya nne akaja juu: "Kumbe Sholay ina babu!" Hakukosea. Ile Sholay ya 1975 ambayo wazazi wetu wanaijua mpaka nyimbo zake, imechota mengi kwa Kurosawa.

Ila iliyomnyamazisha ni Bicycle Thieves, ya Italia, 1948. Baba hana kazi, anapata ya kubandika mabango mjini Roma, sharti awe na baiskeli. Mke anatoa mashuka ya ndani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, baiskeli inaibwa. Baada ya hapo ni baba na mtoto wake mdogo, mtaa kwa mtaa, wanaitafuta. Aliyecheza kama baba hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Bodaboda wetu anaendesha pikipiki ya mkataba, hesabu ya bosi kila siku. Alikaa siku mbili bila kusema kitu kwenye kundi, kisha akaandika maneno matatu: "Jamaa ni mimi."

Tangu hapo hakuna aliyesema tena kwamba wanaua muda.

Sasa twende kwa dada wa saluni. Ana miaka 27, ana mtoto mmoja wa kiume. Siku moja aliwatangazia kwamba amepata kazi za ndani Muscat na anaondoka baada ya wiki mbili. Wote wakaandika hongera. Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya kijana wa stationery. Akapendekeza La Noire de..., ya Senegali, 1966, ya Ousmane Sembène. Kwenye sababu aliandika: "Ni fupi, saa moja hivi."

Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa, ruka aya inayofuata.

Binti wa Dakar anafanya kazi ya kulea watoto kwa familia ya Kifaransa. Wanamwita awafuate Ufaransa, naye anaenda akiwa na viatu vya kisigino na ndoto kibao. Kufika kule watoto hawapo, zipo sufuria, sakafu na nguo za kufua. Ulaya anayoiona ni ya dirishani. Hajui kusoma, kwa hiyo barua ya mama yake inaposomwa na bosi, bosi huyo huyo ndiye anayeanza kumjibia, anatunga maneno ambayo binti hajayasema. Mwisho wake ni mbaya. Kwetu tunaambiwa stelingi hafi. Yule anakufa, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Dada wa saluni aliimaliza saa sita usiku. Saa sita na dakika kumi akatuma ujumbe wa sauti.

"Kaka, mimi nimewaaga vizuri, wewe unanipa muvi ya mtu anayejiua? Unaniombea mabaya?"

Kijana akajibu: "Dada yangu, sikuombei mabaya. Nilitaka kukwambia naogopa, nikashindwa kusema mwenyewe."

"Sawa, unaogopa. Saluni nalipwa kwa kichwa, wiki nyingine vichwa vinne. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Mwanangu anaanza darasa la kwanza Januari. Muvi yako inalipa kipi hapo?"

Kundi zima kimya. Utasema nini? Ukweli ni kwamba alichosema ni hesabu, na hesabu haipingwi kwa muvi.

Aliyevunja ukimya ni mama wa vitenge. Watu walikuwa wamesahau kwamba aliwahi kukaa Oman miaka minne. Kwa bosi wa kwanza alikula nao meza moja, na mshahara huo ndio uliosimamisha vyumba vyake viwili Chanika. Wa pili alimshikia pasipoti na simu, miezi mitano nyumbani hawakujua kama yu hai.

"Mwanangu, nenda kama umeamua," akamwambia. "Ila iangalie ile muvi tena. Yule binti hakuchoshwa na vyombo. Alikosa mtu wa kusema naye, na maneno yake akaandikiwa na wengine. Wewe unajua kusoma, una simu, una sisi. Usiende kama yeye."

Wiki iliyobaki ikawa ya kazi. Mkataba ulisomwa mstari kwa mstari na mwalimu wa tuition. Pasipoti ikatolewa kopi nne pale pale stationery, bure. Namba za simu tatu, pamoja na ya ubalozi wa Tanzania Muscat, akazishika kichwani kama shairi la shule. Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyetoa wazo: kila Ijumaa atatuma jina la muvi moja, na nchi yake. Ujumbe wa "nipo salama" ukija bila muvi, wajue hajauandika yeye.

Ni mwezi wa saba sasa. Ya kwanza kutuma ilikuwa Children of Heaven ya Irani, ya kaka na dada wanaovaa kwa zamu jozi moja ya viatu. Ikafuata Wadjda ya Saudia, ya msichana anayetaka baiskeli. Bodaboda akacheka, akauliza kama na hiyo nayo itaibwa.

Ijumaa moja haikuja. Simu ikaita bila kupokelewa. Kijana wa stationery hakulala, na Jumamosi asubuhi alikuwa kwa mama wa vitenge, ameshika kopi ya pasipoti, wanajadili nani apige ubalozini. Saa tisa alasiri ujumbe ukaingia: nyumba ilikuwa na wageni kuanzia alfajiri, simu iliisha chaji. Chini yake: "Mother India, India, 1957. Bibi aliiona Unguja akalia wiki nzima. Kaka, hii nakuchagulia wewe."

Aliiangalia usiku huo huo, yote.

Wewe je, kuna mtu aliwahi kukupa muvi, baadaye ukashtuka kumbe alikuwa anakwambia kitu? Tupia jina lake hapo chini, na nchi yake.