Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema, hata hivyo, iwapo tunzo hilo humjenga mchezaji au humpumbaza. Swali hilo lilimkabili kijana mmoja aliyejifunza mchezo wa puli kwenye meza ya sarafu sokoni kwao. Kila alipotumbukiza shilingi 20 na mipira kuporomoka kwa kishindo, watazamaji walisogea. Kwa miaka miwili hapakutokea wa kumshinda. Wakamwita Fundi, jina alilolivaa kama koti jipya la Krismasi.

Siku moja alikwenda mjini, akacheza kwenye meza ngeni, akashindwa michezo mitatu mfululizo na msichana ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza. Mipira yake ilipita kando ya mifuko kana kwamba imerogwa. Mzee aliyekuwa akitengeneza meza za ukumbi ule alimtazama kwa huruma, akamwambia, "Mwanangu, wewe hujui puli. Unaijua meza ya kwenu." Maneno hayo yalimkata maini. Waama, meza ya sokoni ilikuwa imeinama upande mmoja, na mkono wake ulikuwa umezoea kuisahihisha bila yeye kutambua. Umahiri alioringia ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, zao la kasoro.

Hapo ndipo alipoazimia kununua meza ya nyumbani ambayo haingemdanganya. Akamwendea yule mzee amfunze kuchagua.

Somo la kwanza lilihusu ukubwa. Meza za puli huuzwa aghalabu kwa vipimo vya futi 7, 8 na 9. Ya futi 7 humfaa anayeanza, kwa kuwa mpira hausafiri mbali na kosa dogo husamehewa. Ya futi 9, ambayo uwanja wake wa kuchezea ni inchi 100 kwa 50, ndiyo ya mashindano makubwa ya kimataifa; humo kosa la unywele huwa kosa la shubiri. Kijana akaitamani papo hapo. Mzee akamwuliza, "Chumba chako kina ukubwa gani?" Fimbo ya kawaida ina urefu wa inchi 58, na sharti ipate nafasi pande zote nne. Kwa hiyo meza ya futi 9 hudai chumba cha futi 18 kwa karibu 14. Ya futi 8, yenye uwanja wa inchi 88 kwa 44, huridhika na futi 17 kwa 13 na nusu.

Somo la pili lilihusu kilichofichwa chini ya kitambaa. Mbao hunyonya unyevu zikapinda. Ndiyo maana John Thurston, mtengenezaji wa meza jijini London, aligeukia sileti mnamo mwaka 1826, jiwe la aina ile ile waliloandikia wanafunzi wa kale. Sileti nzuri huwa na unene wa inchi 1, na mara nyingi huwa vipande vitatu ili fundi avisawazishe kimoja kimoja kwa pimamaji. "Ukibisha hodi juu ya meza ikakujibu kama ngoma," alisema mzee, "rudi nyumbani na fedha zako." Aidha, mpira ukisukumwa taratibu kutoka pande zote usikengeuke, na kingo ziurudishe kwa nguvu zilizo sawa kila mahali.

Mipira yenyewe ina historia inayoigusa Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 mipira bora ilichongwa kwa pembe za ndovu, na nyingi kati ya pembe hizo zilipitia Zanzibar. Leo mipira hutengenezwa kwa plastiki ngumu. Kijana alipolisikia hilo alinyamaza. Alitambua kwamba starehe ya mtu mmoja huweza kulipiwa na asiyekuwepo mezani.

Huko nyumbani, mlipaji alikuwa baba yake. Chumba pekee kilichotosha kilikuwa ghala la mahindi, lenye futi 17 kwa 14. Baba aliuona mchezo huo kuwa wa wavivu. "Mwanangu," aliuliza, "jiwe hilo litaliwa na nani?" Kijana hakubishana. Alijenga ghala jingine dogo kwa mikono yake mwenyewe, akahamisha magunia yote, na ndoto ya futi 9 akaizika. Alinunua meza kuukuu ya futi 8, miguu yake ikiwa na mikwaruzo, lakini sileti yake nzima.

Mzee alipomaliza kuisawazisha, baba alisimama mlangoni. Kijana akapiga, akakosa. Akapiga tena, akakosa. Mkono ulikuwa bado unasahihisha mwinamo ambao haukuwepo. Baba akacheka, akaomba fimbo, akatumbukiza mpira kwa bahati tu. Kwa mwezi mzima Fundi alishindwa nyumbani kwake, naye hakuona haya.

Alhasili, chombo bora hakimfanyi mtu kuwa stadi. Kazi yake ni kumwondolea visingizio. Anayetaka kukua na achague meza itakayomwambia ukweli, hata kama siku za mwanzo ukweli huo utakuwa mchungu kama shubiri.