Nyumba Juu ya Maji

Wenyeji wa Waithaka, jijini Nairobi, huikimbia baridi ya mwezi wa Julai kwa kukoka moto. Mabaharia wa Kuwait, zamani, waliiacha baridi ya kwao nyuma kabisa. Walipakia tende huko Basra, na kaskazi ilipovuma, yapata mwezi wa Desemba, waliifuata hata pwani ya Afrika ya Mashariki.

Jahazi ndilo lililokuwa nyumba yao. Walilala sitahani, wakapika hapo hapo katika sanduku la moto, na maji ya kunywa yalitolewa kwa kipimo. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri nao kutoka Aden mwaka 1938 hata Unguja na Rufiji, akaandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1940.

Mtu asidhani kuwa walikuja kupumzika. Hawakuwa na mshahara wa mwezi. Kila mmoja alingoja fungu lake la faida, na wengi walikuwa wamekwisha kukopa ili kuwaachia watoto chakula. Katika matope ya Rufiji walipakia boriti za mikoko, huku mbu wakiwauma. Wala hawakuweza kukawia, maana kusi ikishika nguvu bahari huchafuka mno.

Kuwait ilipoanza kuuza mafuta nchi za nje mwaka 1946, vijana walipata kazi nchi kavu, na safari zile zikafifia. Lakini dari za nyumba za kale za mji ule zilishikwa na boriti za Afrika, zilizoletwa na watu waliokaa miezi mingi bila dari.