Makerere, Kabla Wageni Hawajafika

Mpaka wa Mutukula niliuwazia kuwa na kamba, bunduki na foleni ya kukatisha tamaa. Nikakuta jengo moja. Ofisa wa Tanzania na ofisa wa Uganda wanafanya kazi chini ya paa hilo hilo: huyu anagonga muhuri wa kutoka, unasogea hatua chache juu ya vigae, yule anagonga wa kuingia. Ukitoka mlango wa pili uko nchi ya watu. Nilisimama nje nikaangalia huku na huku nione tofauti. Migomba ni ile ile, vumbi ni lile lile, ila wabadilisha fedha walikuwa wameshanizunguka wakiniita "Hajati".

Kwetu Unguja jina hilo hupewa mtu aliyekwenda Makka akarudi. Mimi Makka naiona kwenye televisheni tu. Baadaye nikaelewa kwamba Uganda mwanamke akivaa buibui au ushungi huitwa Hajati bila kuulizwa tiketi ya ndege, basi nikakaa nalo, tena kwa raha.

Kilichonipeleka huko ni kazi. Niko katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi ya chuo kimoja Unguja, na kila Oktoba au Novemba tunapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wa kuwapokea huwa ni viongozi waliokwishachaguliwa: barua inatoka, majina yanabandikwa ubaoni, yamekwisha. Mwenzangu mmoja wa Kampala, tuliyekutana kwenye mafunzo Dar es Salaam, alipenda kunitania kwamba kwao kazi hiyo watu huiomba kwa fomu, hufanyiwa usaili, na wengine hukataliwa. Sikuamini kwamba yuko kijana wa kushindania nafasi ya kubeba begi la mtu asiyemjua. Nikaomba ruhusa nikaone kwa macho yangu.

Nilipanda meli hadi Dar, basi hadi Bukoba, kisha gari dogo la kuelekea mpakani. Kabla ya Mutukula tulivuka Mto Kagera pale Kyaka, na mzee aliyekaa kando yangu akaanza kunisomesha bila kuombwa. Daraja la hapa, alisema, majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978, na njia hii ndiyo waliyopita askari wetu hadi Kampala ikaanguka Aprili 1979. Hapo wasiwasi ukaniingia. Nilikuwa nimesikia kwamba Waganda wengi wa makamo hukiona Kiswahili kuwa lugha ya askari na vizuizi vya barabarani, ingawa katiba yao ilikifanya lugha ya pili rasmi tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Nikajiuliza nitafungua kinywa niseme nini, na wao watanipokeaje.

Jibu la kwanza lilitoka Masaka, ndani ya basi la kwenda Kampala. Mwanamke wa makamo aliyeketi mbele yangu alisikia nikiongea na simu, akageuka, akanikazia macho kwa muda. Halafu akafungua mfuko wake akanipa ndizi mbivu mbili na kusema kwa Kiingereza, "Watanzania walitutoa taabuni." Tukawa marafiki hadi Kampala, yeye kwa Kiingereza chake na mimi kwa changu, na vyote viwili vilikuwa na mashimo.

Lukaya gari halikusimama vizuri kabla ya mishikaki kuingia madirishani. Wauzaji wanakimbia sambamba na basi, mkono mmoja umeshika nyama, mwingine ndizi za kuchoma wanazoziita gonja, na chenji wanakurudishia huku gari linaondoka. Kayabwe tulishuka kidogo kwenye mstari wa ikweta. Pana duara kubwa jeupe la kupigia picha, na kijana mwenye mabeseni matatu: moja kaskazini ya mstari, moja kusini, moja juu yake. Akatia maji na ua dogo. Huku likazunguka kulia, kule kushoto, katikati likashuka wima. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, japo nilikuwa nimemtazama mkono zaidi ya ua: namna anavyomimina ndiyo inayozungusha, maana beseni dogo kiasi kile mzunguko wa dunia haulijui. Lakini kwa ustadi ule alistahili shilingi zake.

Kampala tuliingia magharibi. Mimi nimezoea mji ulio tambarare, ukitazama mwisho wa njia unaona bahari. Hapa mwisho wa njia ni mlima mwingine, na juu yake taa. Katika stendi kuu magari madogo ya abiria, ambayo wao huyaita taksi, yamebanana hata sikuona mahali pa kutia mguu. Na kila moja lina mtu anayepiga kelele jina la kilima. Juu ya nguzo za taa wamekaa kaloli, korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaangalia yote hayo bila kushughulika. Boda boda iliyonipeleka Wandegeya ilipita katikati ya malori mawili. Nilifumba macho nikasoma nilichokikumbuka.

Asubuhi, baada ya rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai ya moto na nyanya, mimi na yule mwenzangu wa Kampala tukapanda Makerere. Nilijua kuwa Mwalimu Nyerere alisoma hapo miaka ya 1940, na Mzee Aboud Jumbe wetu pia. Nisilolijua ni kwamba chuo hicho kilichoanza 1922 kama shule ya ufundi kilikuwa na kaulimbiu ya kuwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Mwaka 1945 wakaingia wanawake wa kwanza, wakiwa sita, na kaulimbiu ikabidi itafutiwe nyingine: tunajenga kwa ajili ya kesho. Nilicheka peke yangu. Wanawake sita tu, chuo kizima kikabadili maneno yake!

Usaili ulifanyika katika ukumbi wa chakula wa bweni moja. Mabweni ya Makerere kila moja lina jina, kelele na kiburi chake. Wanaume wa Lumumba wameunga udugu na wanawake wa Mary Stuart wakajiita Lumbox. Wa Livingstone wameungana na Africa Hall, hao ni Afrostone. Pande hizo zikikutana hurushiana maneno ambayo kwetu yangefikishwa kwa sheha. Nilishtuka, mpaka nikauona ni utani ule wa Wazaramo na Wanyamwezi: mtani anayekutukana mbele ya wakwe ndiye atakayeshughulikia msiba wako.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa binti wa mwaka wa tatu, mwembamba, mwenye miwani. Alipotambulishwa kwangu akapiga magoti palepale kwenye saruji, akanisalimu kwa Kiganda kwa sauti ndogo: nimesafirije, nyumbani hawajambo, poleni na kazi. Sikujua nifanye nini. Sisi mkubwa tunampa shikamoo na mkono, na kupiga magoti tumezoea msikitini. Nilitaka kumwinua, mwenzangu akanigusa niache. Binti akainuka, akapangusa magoti, akaketi mezani, akafungua daftari, na kuanzia hapo hakuna aliyepumua bila ruhusa yake.

Mwombaji wa kwanza aliingia na suti ya buluu na sauti ya mkutano wa hadhara. Alieleza maono yake kwa kizazi kipya. Binti akamsikiliza, kisha akauliza: mwanafunzi mpya ameshuka boda boda saa mbili usiku, mvua inanyesha, na funguo ya chumba chake haionekani, utafanyaje? Yule bwana akasema ataitisha kikao cha dharura. Meza nzima ikaangua kicheko, naye akacheka, lakini daftarini nikaona mstari umepigwa.

Baada ya maneno wakapewa karatasi wachore njia ya kutoka lango kuu hadi bwenini. Hili lilinifundisha kuliko mihadhara. Wengi walichora njia ya mwenyeji: pita Freedom Square, kata kwa Senate, teremka. Mgeni angejuaje Freedom Square ni ipi? Msichana mmoja hakuandika jina la jengo hata moja. Alichora mteremko, mti mkubwa ulioinama, kibanda cha kutoa fotokopi, ngazi zenye reli iliyokatika, na pale penye njia panda akaandika: "Hapa utahisi umepotea. Endelea."

Swali la mwisho lilikuwa moja kwa wote: wewe mwenyewe, siku unafika, nani alikupokea? Waombaji wengi walitaja kaka, binamu, rafiki wa shule. Kijana mmoja wa Arua, kule kaskazini-magharibi karibu na Congo, alifikiri kidogo akasema hakuna. Aliteremka kwenye basi alfajiri na godoro kichwani, akakaa langoni hadi ofisi zilipofunguliwa. Walipomaliza nilimfuata nimpe pole, nikashangaa kujibiwa kwa Kiswahili: "Zamani hiyo, mama. Sasa niko sawa." Watu wa kwao, aliniambia, Kiswahili wanakitumia sokoni tangu zamani.

Nilimuuliza mwenyekiti kwa nini amemwekea alama ya juu kijana yule, ambaye hakuwa na ufasaha wa wenzake. Akasema aliyepokelewa vizuri hudhani mambo hujipanga yenyewe. Asiyepokelewa anakumbuka kila kilichokosekana.

Lakini nisimpake asali tu mwenyeji wangu. Kwenye jopo lile kulikuwa na swali jingine, tena waliliuliza bila haya: unapanga kugombea mwaka huu? Makerere serikali ya wanafunzi, wanayoiita Guild, kwa miaka mingi imekuwa uwanja wa vyama vikubwa vya taifa, na wagombea wamekuwa wakisimama kwa rangi za vyama hivyo. Kwetu vyama havigombei uchaguzi wa wanafunzi. Anayembebea mgeni sanduku leo anaweza kumwomba kura kesho, na hapo ukarimu unakuwa kampeni. Mwaka 2022 vurugu za kampeni hizo zilimuua mwanafunzi wa chuo kingine. Uongozi ukasimamisha kwa muda uchaguzi na Guild yenyewe. Vijana wa jopo walilitaja jambo hilo kwa sauti ya chini, kisha wakamkata mwombaji mmoja hodari sana kwa kuwa alishachapisha mabango yake.

Nilibaki hadi siku wageni walipoanza kufika, mapema Agosti. Magari yalipanda kilima yamefungwa magodoro juu, akina mama wamepakata majagi na mabeseni, akina baba wamevaa makoti ya sherehe. Kijana wa Arua alisimama langoni na kipande cha boksi shingoni chenye maandishi ya kalamu nene: niulize mimi. Mzee mmoja aliyetoka mbali hakuuliza habari za chumba. Alitaka kwanza kuliona jengo kuu, lile alilosikia redioni kwamba liliungua usiku mmoja wa Septemba 2020. Kijana alimpeleka yeye na mwanawe hadi mbele ya jengo, zima, limejengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2024. Mzee akalizunguka kwa macho, akatikisa kichwa, akamwambia mwanawe abaki asome. Kumbe alikuwa bado hajaamua.

Mama mwingine alikataa kabisa kuondoka. Alitandika kitanda, akakitandua, akakitandika tena. Msichana aliyechora ramani hakumwambia muda umekwisha. Alimwomba amsaidie kukunja mapazia ya chumba cha pili, halafu cha tatu, mpaka mama akachoka mwenyewe akauliza stendi iko wapi. Mbinu hiyo nimeiandika kwa wino mwekundu.

Sasa niko Unguja, na rasimu ya fomu yetu iko mezani kwa mkuu wangu. Mstari wa kwanza unauliza jina, wa pili unauliza nani alikupokea. Nimependekeza atakayejibu "hakuna" aitwe mapema kwenye usaili, na kila mwombaji achore njia ya kutoka geti hadi dahalia bila kutaja jina la jengo. Mkuu ameisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza jambo moja: posho ya hao watu itatoka fungu gani? Nikamwambia bweni lile la Kampala liliwapa vijana wake fulana na sahani ya matoke kwa sosi ya karanga, na foleni ya waombaji ilifika nje ya ukumbi. Amesema matoke Unguja ni ghali. Nimemwahidi pilau.