NYUMBA YA KASHAI, SEHEMU YA 3: MPANGAJI NILIYEMKUTA

Mama zangu, nimetoka zamu ya usiku, macho mazito, lakini ahadi ni deni.

Kwa waliochelewa: mwezi wa saba mwaka jana mimi na baba watoto tulinunua nyumba ndogo Kashai, hapa Bukoba, kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara wangu. Kazi yangu iko Muleba, kwa hiyo kodi ya kile chumba na sebule, 60,000 kwa mwezi, tuliipigia hesabu ya ada. Dalali alisema, "Mpangaji ni mkorofi kidogo, ila ukimbana analipa." Hatukumgongea mlango kumuuliza mwenyewe. Tulikosea hapo hapo.

Jumamosi ya kwanza nikaenda kudai kodi. Mama wa watu kasimama mlangoni, mtoto mgongoni, hata karibu hakusema. "Sikujui. Kodi nimeshalipa." Mara ya pili akafunga geti kwa ndani, akanitukana majirani wakisikia. Na mimi nikamjibu, jamani, sijivunii. Muuzaji nikimpigia, simu imezimwa. Shemeji akashauri tung'oe mlango, atatoka tu.

Mara ya tatu nilikwenda nimejaa maneno. Nikasikia yule mtoto anavyopumua. Masikio ya nesi hayapumziki. Nikamwambia, "Dada, gombana na mimi baadaye. Mfunue kifua nimuone." Kifua kilikuwa kinabonyea kwa ndani kila akivuta pumzi. Tukaita bodaboda, mtoto akalazwa siku nne kwa nimonia. (Mama, ukiona hivyo usisubiri asubuhi.)

Msidhani tukawa mashoga. Ila wiki iliyofuata alikubali twende kwa mwenyekiti wa mtaa, akiwa na karatasi yake ndani ya mfuko wa nailoni. Mkataba wa mwaka mzima, Machi hadi Februari, 720,000 amelipa zote, saini ya muuzaji ile ile iliyo kwenye karatasi zangu. Mwenyekiti akanitazama: "Waitu sista, ukinunua nyumba yenye mpangaji, umenunua na mkataba wake."

Yaani ukorofi wote ule, alikuwa anaogopa kulipa mara mbili. Hakuna aliyemwambia nyumba imeuzwa.

Kuanzia Agosti hadi Februari ni miezi saba, 420,000 ambazo muuzaji alishazila. Tulimpeleka baraza la kata. Tangu 2021 pale wanasuluhisha tu. Mkishindwana ndani ya siku 30 mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Alirudisha 200,000. Zilizobaki nimechoka kuzidai, ada nililipa kwa pesa ya kikoba.

Tuliandika karatasi mpya: anakaa bure hadi Februari, mwezi wa tatu anaanza kulipa kwangu. Machi alilipa. Aprili alichelewa siku kumi na mbili, na geti bado analifunga kwa ndani.